Mzigo umefika, lakini umefika wapi?

Miezi kadhaa iliyopita niliagiza taa kumi na mbili za sola kutoka kwa muuzaji wa China, kwa dola 214, nikishirikiana na jirani yangu wa mtaa wa Bel-Air ambaye alizitaka sita kwa ajili ya kibanda chake cha vifaa vya umeme. Siku ya kumi na moja simu ilinitangazia, kwa maandishi ya kijani, kwamba mzigo umefikishwa na kupokelewa. Wakati huo nilikuwa nimeketi nyumbani Lubumbashi, na hakuna mtu aliyekuwa amebisha hodi. Nikaenda kwenye ofisi ya wakala anayetusafirishia mizigo, chumba kimoja chenye mizani ya kupimia kilo na kartoni zilizofungwa kwa utepe wa manjano na kupangwa hadi darini. Kijana wa zamu akapitisha kidole kwenye orodha yake mara mbili, akatikisa kichwa, kisha akanipa jibu ambalo kila mnunuzi wa mji huu analijua: "Iko mu njia, papa."

Ilinichukua wiki nne kuelewa kwamba muuzaji hakuwa amenidanganya, na kwamba kijana yule, ingawa hakujua alichokuwa akisema, hakuwa amenidhulumu kitu. Anwani niliyoiandika wakati wa kununua haikuwa ya Lubumbashi. Ilikuwa ya ghala la wakala huyo mjini Guangzhou, kama tufanyavyo karibu sote, kwa sababu huku kwetu hakuna posta inayopita nyumba kwa nyumba, na wauzaji wengi wa China ama hawatumi hadi Kongo, ama hudai nauli inayoipita bei ya bidhaa yenyewe. Kwa upande wa muuzaji, na wa jukwaa lililotukutanisha, kazi iliishia kwenye mlango wa ghala lile. Aliyepokea si mimi, lakini ni mtu niliyemtaja mimi mwenyewe.

Ndiyo maana naona kwamba swali tunalouliza kila siku, "Kwa nini mzigo wangu haujafika?", linaanzia pabaya. Agizo la mtandaoni, au komande kama tunavyosema hapa, kwa mtu wa Lubumbashi si mkataba mmoja. Ni mikataba mitatu au minne iliyounganishwa ncha kwa ncha, na kila mmoja una mahali pake pa kufikia, mtu wake wa kuwajibika, na muda wake wa mwisho wa kudai. Asiyejua kartoni ilipotelea katika mkataba upi humwandama mtu aliye karibu naye, ambaye huenda hahusiki, na wakati anamwandama huyo, muda wa kumdai anayehusika unakwisha bila yeye kujua.

Tuifuate kartoni yenyewe. Muuzaji huikabidhi kwa kampuni ya kupeleka vifurushi ndani ya China, nayo huifikisha ghalani baada ya siku mbili au tatu. Ghalani hupimwa, huandikwa, na husubiri. Ikiwa umelipia ndege, husubiri siku chache. Ikiwa umelipia meli, husubiri mpaka kontena lijae mizigo ya wateja wengine, na huo ndio usafirishaji wa pamoja tunaouita gurupaje. Kontena husafiri hadi Dar es Salaam, hutolewa bandarini, hupandishwa kwenye lori, hupita Tunduma, huvuka Zambia, na huingia kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa baada ya takribani kilometa 2,000 za barabara. Kuanzia mlango wa ghala hadi mlango wa ofisi ya Lubumbashi, miezi miwili au mitatu ni jambo la kawaida.

Katika safari hiyo kuna sababu nyingi za kuchelewa ambazo si wizi wala uzembe wa mtu yeyote. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na sisi kwa siku kadhaa, kufuatia mvutano uliotokana na marufuku ya Kongo dhidi ya vinywaji kutoka nje, na malori yakasimama. Kila mwanzo wa mwaka, sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina husimamisha viwanda na maghala kwa majuma. Betri nazo zina mambo yake: tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege za abiria, kwa hiyo anayeagiza betri za kuchajia simu kwa ndege, bila kumwambia wakala kilichomo, asishangae kartoni yake ikitolewa kwenye kundi na kuachwa pembeni. Nayataja haya kwa sababu wakala mwaminifu anastahili kusikilizwa. Lakini sababu ya kweli ina mahali na ina tarehe. Anayesema "mpaka ulifungwa" anaweza kusema ulifungwa lini na lori lilikuwa wapi siku hiyo. Akishindwa kusema, hajatoa sababu, ameomba tu muda.

Mahali panapomeza mizigo mingi kuliko mpaka, kwa uzoefu wangu na wa watu niliozungumza nao, ni pale ghalani, na chanzo chake ni kitu kidogo sana: kalamu. Kila mteja hupewa na wakala alama yake, kwa kawaida herufi za jina, nambari ya simu na neno L'SHI, yaani Lubumbashi kwa kifupi, na alama hiyo lazima muuzaji aiandike kwa wino mzito ubavuni mwa kartoni. Muuzaji anayepakia oda nyingi kwa siku husahau, au huandika tarakimu moja vibaya, au huiandika kwenye mfuko wa nje ambao huchanwa njiani. Kartoni hiyo hufika, mtu wa ghala huipokea na kutia sahihi, kisha hana pa kuiandikia. Huenda kwenye kona ya mizigo isiyo na mwenyewe. Taa zangu zilikuwa huko. Zilipatikana baada ya mimi kumwomba muuzaji vitu vitatu: nambari ya kifurushi ya kampuni ya ndani ya China, picha ya lebo iliyobandikwa juu ya kartoni, na uzito. Niliipeleka picha ile ghalani kwa WhatsApp, na kesho yake nikapokea picha nyingine, kartoni ileile juu ya mizani, kilo 9.4, na alama yangu imeandikwa upya kwa wino mweusi ambao ulikuwa bado unang'aa.

Hizo wiki nne nilizopoteza kabla ya kuomba picha zingeweza kunigharimu fedha zote, na hapa ndipo kiini cha jambo lenyewe. Majukwaa ya mauzo yameweka ulinzi wa mnunuzi, na ulinzi huo ni wa kweli: pesa yako haimfikii muuzaji moja kwa moja, bali huzuiliwa mpaka uthibitishe kwamba umepokea. Lakini umepimwa kwa mwendo wa watu ambao vifurushi huwafikia mlangoni. Kwenye Taobao, mnunuzi asiposema lolote, mfumo huthibitisha wenyewe siku 10 baada ya kifurushi kutumwa, na pesa hutoka. Kwenye AliExpress, ukishathibitisha kupokea, una siku 15 za kufungua malalamiko. Sasa linganisha siku 10 au 15 hizo na miezi yetu miwili au mitatu. Wakati unafungua kartoni hapa mjini na kukuta viatu vya mguu mmoja, dai lako kwa muuzaji lilikwisha kufa kabla meli haijaonekana Dar es Salaam. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na hawakuwa wameiona gurupaje.

Kwa hiyo siku ambayo simu inakuambia "umepokelewa" ndiyo siku ya kazi, wala si siku ya kutulia. Siku hiyohiyo mwandikie wakala, umpe nambari ya kifurushi, na umtake athibitishe kwa picha kwamba anayo kartoni, ina uzito gani, na ina alama yako. Maghala mengi hukubali, kwa ada ndogo, kufungua kartoni na kuhesabu vilivyomo. Kwa bidhaa yenye thamani, ada hiyo ni bima ya bei nafuu kuliko zote. Ghala likisema halijapokea, mtake muuzaji akuoneshe ushahidi wa kukabidhi, jina la aliyetia sahihi na saa, na ufungue malalamiko kwenye jukwaa papo hapo, huku mkiendelea kutafutana. Wapo wanaoogopa kwamba kulalamika kutamuudhi muuzaji, na wauzaji wenyewe huomba kwa upole, "Rafiki, funga malalamiko kwanza, nitakutumia kingine." Usifunge. Malalamiko yaliyofungwa mara nyingi hayafunguki tena, na kitu kinachoahidiwa hakina nambari yoyote.

Aliyelipa kwa kadi ya benki ana njia ya pili, ambayo wengi wetu hatuitumii. Chini ya kanuni za Visa, mwenye kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe malipo ya bidhaa isiyofika, na benki ina siku 120 za kuwasilisha dai hilo, zikihesabiwa tangu siku ya mwisho ambayo bidhaa ilitarajiwa, ilimradi zisipite siku 540 tangu malipo yaingie. Muda huo ni mrefu na unaelekea kutosha hata kwa meli. Una mitego miwili, hata hivyo. Wa kwanza ni uleule wa ghala: ikiwa kifurushi kilifika kwenye anwani uliyoiandika, muuzaji ataonesha hati ya kukabidhi, na benki itamwamini. Wa pili ni desturi yetu ya kuazima kadi. Shemeji ana kadi, unampa dola taslimu, analipa. Mwenye dai mbele ya benki ni shemeji peke yake, si wewe, na ikiwa hataki kupanga foleni benki kwa ajili ya taa za mtu mwingine, dai hilo halipo.

Pesa iliyotumwa kwa simu kwenda nambari ya mtu binafsi haina ulinzi wa namna hiyo hata kidogo. Mpokeaji akishaitoa, kilichobaki ni ujumbe unaoonesha kwamba ulituma, na ujumbe huo una faida moja tu, ya ushahidi. Usiufute.

Niseme kidogo kuhusu nambari za posta, kwa kuwa zinaeleweka vibaya. Muuzaji anayetuma kwa posta ya kimataifa hukupa nambari yenye herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi, kwa mfano CN. Tarakimu ya tisa haitokani na bahati, huhesabiwa kutokana na nane zilizotangulia, na mtu yeyote anaweza kuipima kwa karatasi. Chukua nambari ya kubuni inayoanza na 12345678. Zidisha tarakimu hizo, moja moja kwa mfuatano, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, ujumlishe: unapata 204. Gawanya kwa 11, baki ni 6. Toa 6 katika 11, unapata 5. Basi tarakimu ya tisa lazima iwe 5. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Nambari isiyotimiza hesabu hiyo haikutolewa na posta yoyote, mtu ameibuni au ameinakili vibaya. Inayotimiza haithibitishi kwamba kifurushi kipo, lakini angalau inafaa kuulizwa, na anayepaswa kuanzisha ulizo kwa kawaida ni mtumaji kwenye posta ya kwake, ndani ya miezi sita tangu siku iliyofuata ile ya kutuma, kama mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unavyoelekeza. Kabla ya hapo, ni vyema mtu ashuke hadi kwenye jengo la posta hapa mjini akaulize kwa mdomo. Vifurushi hulala huko kwa sababu hakuna anayekuja kukuletea taarifa nyumbani.

Sasa tumgeukie mtu ambaye wengi wetu hununua kwake, yaani mama au kijana anayeweka picha za viatu, wigi na simu kwenye WhatsApp, anakusanya pesa za watu ishirini, anaagiza, na kugawa mzigo ukifika. Biashara hii imewavisha na kuwalisha watu wengi wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, na sitaki kuisema vibaya. Tatizo ni kwamba pande zote mbili hazikubaliani mtu huyu ni nani. Mzigo ukifika, yeye ni muuzaji, na faida ni yake. Mzigo ukipotea, ghafla yeye ni mjumbe tu aliyewasaidia, na hasara ni ya wote.

Sheria haimruhusu kuwa vyote viwili. Ikiwa alikutajia bei moja, "hii viatu ni dola 25, utapokea hapa L'shi", bila kukuonesha alinunua kwa kiasi gani, basi amekuuzia, na muuzaji ana wajibu wa kukabidhi kitu alichouza. Kilichompata kati yake na China ni habari yake na China. Ikiwa alikuonesha bei ya kule, akaongeza ujira wake waziwazi, na akanunua kwa niaba yako, basi ni wakala, na anawajibika kwa uangalifu wa kazi yake: je, aliandika alama sawasawa, alifuatilia kwa wakati, alikupa taarifa? Msingi wa haya yote ni wa zamani kuliko mji wenyewe. Ni Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo kifungu chake cha 33 kinasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Na kwa wanaodhani kwamba maneno ya WhatsApp si mkataba, Kanuni ya Kidijitali, iliyotolewa kwa Amri-Sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imeyapa maandishi ya kielektroniki nguvu ya ushahidi sawa na karatasi, ikiwa mwandishi wake anaweza kutambulika na maandishi yamehifadhiwa bila kuchezewa. Hifadhi mazungumzo yote basi, pamoja na nambari na tarehe, badala ya kukata kipande kimoja cha picha ya skrini kinachokupendeza.

Kuhusu wakala wa usafirishaji mambo ni mazito zaidi, na hapa nakiri kwamba sikupendezwa na nilichokigundua. Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu 2012, na sheria ya OHADA ya 2003 kuhusu usafirishaji wa mizigo kwa barabara inagusa safari yoyote ya lori ambayo angalau ncha yake moja iko katika nchi mwanachama, kwa hiyo inagusa lori linalotoka Dar es Salaam kuja kwetu. Sheria hiyo ina jambo zuri sana kwa mteja: mzigo usipofikishwa siku 30 baada ya tarehe iliyokubaliwa, au, kama hakuna tarehe, siku 60 baada ya msafirishaji kuupokea, mwenye haki anaweza kuuhesabu kuwa umepotea bila kutakiwa kuthibitisha zaidi. Kwa maneno mengine, "iko mu njia" ina mwisho wake kisheria. Naye anayesafirisha mizigo ya wengine kwa jina lake mwenyewe na kwa malipo, kimsingi hujibu kuhusu kuchelewa na kupotea kwake, hawezi kukusukuma kwa dereva wa lori usiyemjua.

Lakini fidia ina kikomo: faranga za CFA 5,000 kwa kila kilo, isipokuwa thamani ya mzigo ilitangazwa wakati wa kuukabidhi, au msafirishaji amefanya kosa la makusudi au kosa lisilosameheka. Kwa kartoni yangu ya kilo 9.4 ni CFA 47,000, yaani kama euro 72, kwa mali iliyogharimu dola 214. Kwa simu ya gramu 200 ni CFA 1,000, ambayo haifiki hata euro mbili. Ndiyo maana ile sehemu ya fomu iliyoandikwa "thamani", ambayo kijana wa zamu hukuambia uiache wazi ili mambo yaende haraka, ndiyo yenye maana kuliko zote. Wapo wanaoandika thamani ndogo kwa makusudi wakikwepa ushuru, kisha mzigo ukipotea wanataka kulipwa thamani yake ya kweli. Siwezi kuwatetea.

Kuna pia karatasi moja ya kuuliza mapema. Katika gurupaje, hati ya shehena ni moja kwa kontena zima na huandikwa kwa jina la wakala, kwa hiyo kampuni ya meli haikutambui wewe. Kinachokuwezesha kuona ni nambari ya kontena: herufi nne, ya nne ikiwa U, na tarakimu saba. Ukiwa nayo, pamoja na jina la kampuni ya meli, unaweza kufuatilia mwenyewe kontena limeshuka lini Dar es Salaam. Wakala anayekataa kutoa nambari hiyo kwa mteja aliyelipa ananitia shaka zaidi kuliko anayechelewa miezi minne huku akiitoa.

Hatari nyingine hujitokeza mtu akiwa amechoka kungoja. Ujumbe unaingia: kifurushi chako kimezuiliwa forodhani, tuma dola 30 kwenye nambari hii kabla ya saa kumi. Ushuru wa DGDA, idara yetu ya forodha, hulipwa benki kwa hati inayotaja kiasi na jina la mlipaji, hautumwi kwa simu ya mtu. Hata wakala halisi anayeomba nyongeza ya forodha anapaswa kuonesha hati hiyo, na kwa kuwa kontena ni la wengi, anapaswa kueleza sehemu yako imehesabiwaje.

Wengi huniuliza kuhusu polisi. Mtu aliyetumia jina la uongo au ujanja ili umkabidhi pesa anaangukia kifungu cha 98 cha Kanuni ya Adhabu, ulaghai. Aliyekabidhiwa mali yako akaitumia kwa faida yake anaangukia kifungu cha 95, kuvunja uaminifu. Yote mawili yana kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano. Lakini kushindwa tu kutimiza ahadi si jinai, na anayemburuta mama wa viatu kwa afisa wa polisi ya mahakama kwa sababu kontena limekwama Kasumbalesa atatumia, kwa nauli na gharama zisizo na risiti, fedha nyingi kuliko viatu vyenyewe. Dai la kiraia lisilozidi faranga za Kongo 2,500,000 ni la Mahakama ya Amani, tunayoiita Tripaix. Kwa deni la dola 25 sikushauri uende huko pia. Kwa kundi la wateja ishirini wa muuzaji mmoja, wenye risiti zao na barua moja ya pamoja, ningeshauri.

Barua ndiyo hatua tunayoiruka. Tunapiga simu, tunatuma sauti za dakika tatu zenye hasira, tunamsema mtu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na hakuna hata kimoja kinachohesabiwa kuwa dai. Ile sheria ya 2003 haikubali kesi yoyote kama mteja hakuwasilisha kwanza malalamiko ya maandishi kwa msafirishaji, si zaidi ya siku 60 baada ya kukabidhiwa, au, kama hakukabidhiwa kitu, si zaidi ya miezi sita tangu mzigo ulipochukuliwa. Haki yenyewe ya kushtaki kwa kawaida hufa baada ya mwaka mmoja. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ghala lilipopokea, nambari ya kifurushi, alama, uzito, thamani, nambari ya kontena, kiasi unachodai, na siku unazompa kujibu.

Taa zangu zilipakiwa, kontena likaja, kartoni za wengine zikagawiwa, zangu hazikuwemo. Jirani yangu alikwisha kununua sita nyingine sokoni, kwa bei ya juu, wala hanisemeshi sana. Ili nisikosee hesabu ya miezi sita, nilianza kuhesabu tangu siku ya ghala badala ya siku ya lori, na katika mwezi wa tano tangu siku hiyo nikapeleka barua, nakala mbili. Kijana yuleyule wa zamu aliisoma akiwa amesimama, akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko kwa muda, akatoka na mhuri. Kwenye nakala yangu aliandika "Nimepokea", tarehe na sahihi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akachukua kalamu na kuniuliza swali: "Kartoni ilikuwa na kilo ngapi, papa?"